Taa ya Mwaya na Njia ya Mkamwana

Siku taa ya kwanza ilipotundikwa kwenye nguzo pale bandarini Mwaya, watu wote waliifurahia isipokuwa mmoja. Na huyo mmoja hakuna aliyemwona, kwa kuwa alikuwa amejibanza nyuma ya migomba, mtungi kichwani, akingoja giza ambalo halikuja.

Aliyeiwasha ni mzee Andongwisye. Alivaa koti la kaki lenye vifungo vya shaba, koti la askari aliyehamishwa, na mikono yake ilimzidi urefu hata ikabidi aikunje ili vidole vionekane. Karani Lameck, kijana wa misheni aliyeandikwa kazi forodhani, alimpa kibiriti kwa mikono miwili kana kwamba anamkabidhi mtoto.

"Sikiliza, tata, baba yetu," Lameck alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Jua likiingia nyuma ya milima ya Undali, unawasha. Huondoki chini ya nguzo hii mpaka mitumbwi yote ifike nchi kavu. Na taa haishuki. Hata Bwana Forodha mwenyewe akija kuiazima, haishuki."

"Na mvua ikinyesha?"

"Unalowa. Taa ina kioo, wewe una koti."

Watu wakacheka, na Andongwisye akacheka kuwazidi. Akapanda kigogo, akafungua kioo, akapiga kibiriti. Mwanga ukamwagika juu ya mchanga, juu ya mitumbwi, juu ya nyuso za majirani zake, na yeye akashuka akiwa mrefu kuliko alivyopanda.

Kabla ya taa hiyo, jioni ya Mwaya ilikuwa ya kukimbizana na jua. Viboko walitoka mateteni kwenda kula mpunga, na msimu uliopita walimponda mtu mzima akabaki wa kuokotwa. Jua likizama, kila mlango ulifungwa na kila jina likaitwa ndani. Sasa wauza ndizi walibaki na ndizi zao. Vijana walipiga ngoma pale pale mchangani. Hezroni mvuvi, ambaye hakuwahi kwenda hata kujisaidia bila mkuki, aliuacha mkuki nyumbani akawa anatembea huku amefunga mikono nyuma ya mgongo kama Mdachi.

"Tazama, Mwenye Taa!" alimwambia Andongwisye. "Leo nimemwona chura kabla hajaniona."

Andongwisye alirudi nyumbani akinukia mafuta ya taa, na moyo umemjaa.

* * *

"Serikali imeingia," alisema mkewe, Marta, bila kugeuka kutoka jikoni. "Nimeisikia harufu tangu uwanjani."

"Hiyo ni harufu ya heshima, mama Anyisile. Nipe maji ninawe."

"Hakuna."

"Hakuna nini?"

"Maji. Futa mikono kwenye heshima."

Andongwisye alikaa kwenye kigoda. Katika miaka yote aliyoishi na mwanamke huyu alijifunza kwamba akifanya mzaha bila kutabasamu, jambo lenyewe si mzaha. "Mtungi umevunjika?"

"Mtungi mzima. Mchukua mtungi ndiye aliyekaa nyuma ya migomba mpaka miguu ikafa ganzi, akarudi nao mtupu. Kila akichungulia, kuna mtu mwenye koti chini ya nguzo, anang'aa kama samaki."

Marta hakutaja jina, na mzee hakuuliza.

Sheria yenyewe kila mtoto wa Kinyakyusa aliijua kabla ya kujua kuogelea: mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawasemeshani, hawapishani njiani, jina la mmoja halitoki kinywani mwa mwingine. Si chuki, ni heshima iliyopita maneno. Ndiyo maana zamani vijana waliooa walikwenda kujenga kijiji chao wenyewe, mbali na baba zao. Lakini mwana wao Anyisile alipata kazi ya kupagaa mizigo ya bandari, akajenga karibu hata moshi wa jiko lake ukawa unaingia nyumbani kwa baba yake, akisema dunia imebadilika. Dunia ilibadilika kweli. Sheria ilibaki palepale, katikati ya nyumba mbili.

Basi wakagawana siku. Mchana wa bandari ulikuwa wa mzee, na mtumbwi wake na nyavu zake. Jua likielekea kuzama aliingia ndani na kukohoa kwa nguvu, na kikohozi hicho kilikuwa kama mlango unaofunguliwa: ndipo Tusekile, mke wa Anyisile, binti wa Kikisi kutoka kwa wafinyanzi wa ufukweni, alipotoka kwenda ziwani kuteka maji ya nyumba zote mbili, kuoga, na kulowesha udongo wake. Ufukwe wote pembeni ulikuwa matete matupu. Mahali peupe palikuwa pale bandarini tu. Saa ile ya giza ilikuwa ndiyo dunia yake. Na mzee akilazimika kutoka baada ya hapo, aliimba. Alikuwa na wimbo wake, aliutunga mwenyewe siku ya harusi ya Anyisile, na kila mtu Mwaya aliujua:

Napita, nawe nipishe, mzee sina haraka;
Alo mbele ajifiche, nikipita atatoka.

"Mwambie..." Andongwisye alianza, kisha akaugeukia ukuta, kama ilivyokuwa desturi yake anapozungumza habari za nyumba ya pili. "Wewe ukuta, mwambie mtu wako nitakaa nimegeuza mgongo. Nitatazama ziwa tu. Apite nyuma yangu."

Marta alikwenda, akarudi. "Amesema ndaga, asante, tena ndaga sana. Lakini amesema hata mgongo wako ni wewe."

"Mgongo!"

"Usipige kelele, baba Anyisile. Ana haki ya kuogopa."

Mzee alijua kwa nini. Mimba ya kwanza ya Tusekile ilitoka, na ya pili ikatoka, na wenye ndimi walisema mtoto hashiki kwa kuwa mama amemtazama baba mkwe. Sasa ya tatu ilikuwa imeanza kuonekana chini ya nguo. Hapakuwa na kitu chini ya jua ambacho Andongwisye alikitaka kuliko mjukuu huyo. Alikuwa amekwisha kumchongea kasia, dogo kama mwiko, akalificha darini ili asichekwe.

Wapo wanaosimulia kwamba wazee wetu waliichukia taa kwa sababu hawakuijua. Waache waongo waongee. Hakuna mtu aliyeipenda taa ile kuliko Andongwisye, na usiku ule alilala akiiwaza kama mtu anayewaza jino linalouma.

* * *

Asubuhi alikwenda kwa Yohana, mwalimu wa misheni, ambaye alikuwa akipanda muhogo nyuma ya darasa lake la makuti.

"Mungu hakukataza mkwe kumwona mkwe," Yohana alisema akifuta jasho. "Nimekisoma kitabu chote. Hakuna mahali."

"Hakukataza?"

"Hakukataza."

"Basi wewe, mwalimu, ukikutana na mama yake mkeo njiani, unafanya nini?"

Yohana akachimba shimo lingine. "Naingia porini," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini nikiwa humo porini, naimba zaburi."

Kutoka hapo mzee alikwenda forodhani, akavua kofia yake ya ukindu.

"Karani, mwanangu, ile nguzo isogezwe kidogo. Kule upande wa mchanga mbaya, unaonasa mitumbwi."

"Kwa nini?"

Andongwisye alizungusha kofia mikononi. Kumtaja mkamwana wake mbele ya mwanamume mgeni, habari za maji yake na kuoga kwake! "Basi tu," alisema.

"Tata, nguzo ile ilipimwa na Bwana kwa kamba. Nikienda kumwambia mzee mmoja anataka isogezwe basi tu, atanisogeza mimi." Lameck alicheka, wapagazi waliokuwa mlangoni wakacheka, na mmoja wao akasema mzee amepewa taa, sasa anataka na nguzo yake aende nayo kitandani. Andongwisye akavaa kofia yake. Alitoka akiwa ameshika vifungo vya koti kana kwamba vitaanguka.

Hata hivyo, jioni hiyo alikuta mtungi umejaa pomoni. Kesho yake pia. Marta alimnawisha mikono bila neno la mzaha, na mzee akadhani mambo yamejipanga yenyewe, kama yanavyojipanga mara nyingi wanawake wanapoachiwa. Akakaa chini ya taa yake kwa raha. Akawaonya watoto wasipande nguzo, akapuliza vumbi kwenye kioo, akapokea salamu za wapita njia. "Mwagonile, Mwenye Taa!" Neno hilo lilikuwa tamu masikioni mwake kuliko asali ya nyuki wadogo.

Lakini jioni ya siku meli ilipotarajiwa, alipoinama kunywa maji kabla ya kwenda kazini, aliona kitu kwenye kitako cha mtungi. Tope jeusi. Mchanga wa bandarini ni mweupe kama unga. Tope jeusi liko mahali pamoja tu, ndani ya matete, kwenye njia wanayotokea viboko.

"Marta."

Mkewe akatazama mtungi, kisha akautazama mlango.

"Anapita wapi huyo mtu?"

"Nilimkataza," Marta alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na meno. "Nikasema nitakwenda mimi. Akanishika magoti, akasema, juuba, mama yangu, magoti haya hayapandi tena ule mchanga na mtungi. Akasema anapita upesi, hata kiboko hajui kama kuna mtu."

"Taa ya kulinda watu," alisema Andongwisye polepole, "nami ndiye niliyeishika nikamsukuma mtu huyo kwa viboko."

"Usiseme hivyo."

"Yuko wapi sasa?"

"Ametoka. Alijua leo utawahi, kwa ajili ya meli."

* * *

Huko nje meli ilikuwa imekwisha kutia nanga mbali kidogo, na wanaume wenye nguvu wote walikuwa wametoka na mitumbwi kwenda kupakua chumvi ya forodha. Mchangani walibaki wanawake, watoto, na Hezroni, aliyesema kiuno chake kinamuuma kila meli inapofika. Andongwisye aliwasha taa. Njiti ya kwanza ilizimika, akapiga ya pili. Alisimama chini ya nguzo, masikio yote yakiwa upande wa matete.

Kwanza alisikia mtungi ukivunjika. Kisha mnyama mkubwa wa majini akapuliza pua, karibu, mpumuo mzito kama mvukuto wa mhunzi. Kisha sauti ya mwanamke ikaita, "Juuba! Juuba!"

Sauti ile ndiyo pekee pale Mwaya ambayo hakuwahi kuisikia hata mara moja tangu siku ya harusi; ndiyo maana aliijua.

"Hezroni!" alipiga kelele. "Chukua taa hii, kimbia! Kuna mtu mateteni!"

Hezroni aliangalia taa, akaangalia giza. "Mkuki uko nyumbani, tata."

"Achana na mkuki!"

"Nitaufuata mara moja," alisema Hezroni, na kiuno chake kikapona papo hapo, maana alikimbia kama swala, kuelekea nyumbani kwake.

Andongwisye alitazama ziwa. Mitumbwi ya chumvi ilikuwa imegeuza, inakuja, na wapiga makasia wanaitazama taa hii hii wapate kuukwepa mchanga uliofichika majini. Taa haishuki. Alikumbuka maneno hayo vizuri, na kilichomngoja mtu asiyeyasikia pia alikijua, kwa kuwa alikwisha kuona migongo ya waliochapwa pale forodhani. Akapanda kigogo, akaishusha.

Hatua chache ndani ya matete akasimama ghafla. Mwanga aliobeba ungemfikia mkamwana wake kwanza. Angemwona: amekaa topeni, nguo imelowa, mimba imetangulia, na yeye asingekuwa na pa kujificha, wala macho ya mzee yasingekuwa na pa kwenda. Mimba ya kwanza. Mimba ya pili. Mbele kiboko alipuliza tena.

Hapo mzee Andongwisye aligeuka. Aliugeuzia mgongo ule weusi wote, akaushika mkono wake wenye taa nyuma yake, juu kadiri alivyoweza, akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea kwa mnyama asiyemwona. Kisigino kilitafuta, kikapata, kikakanyaga. Matete yalimchana masikio. Akaimba, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kumjulisha kwamba anapita. Aliimba kwa sauti ya kupasuka, maneno yakija yenyewe:

Nakuja kinyumenyume, nyuma yangu kuna taa;
Sikuoni, usiseme, usiogope balaa.

Kiboko hakuwahi kuona jambo kama hilo. Moto unakuja, mtu anaimba, na mtu mwenyewe anatazama anakotoka. Alisimama. Mzee alisikia miguu ikizama na kuchomoka kwenye tope, upande wa kulia, kisha upande wa kulia zaidi, kisha maji yakapokea uzito mkubwa, na mawimbi madogo yakaja kumlamba visigino.

Nyuma yake, karibu sana, mtu alikuwa akijizuia kulia.

"Wewe tete," alisema Andongwisye akitazama mbele, "sikia. Naiweka taa chini. Mimi natangulia. Kama kuna mtu aliyeumia mguu, aichukue, aifuate njia."

Aliiweka taa kwenye kichuguu, akaenda gizani mbele. Alingoja. Moyo wake ulipiga mara nyingi kabla ya nyuma yake mwanga kunyanyuka, ukayumba, ukaanza kuja, hatua moja nzima na moja ya kuvuta. Kivuli chake mwenyewe kilimtangulia kirefu kati ya matete, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake mzee huyu alimulikiwa njia na mkamwana wake. Nyuma yake Tusekile alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya nguo, akaacha mwanya wa kuona ardhi tu. Hakutazama mgongo. Alitazama nyayo zinazojaa maji mahali mzee alipokanyaga, akaweka mguu wake humo humo.

Kando ya migomba, Marta alikuwa amekwisha kufika, akampokea. Andongwisye alisikia taa ikiwekwa chini, na miguu mitatu, miwili ya Marta na mmoja wa Tusekile, ikiondoka. Hakugeuka mpaka mlango ulipofungwa.

Ndipo akasikia kelele za ziwani. Mtumbwi wa kwanza ulikuwa umepanda mchanga, ukapinduka, na chumvi ya forodha ilikuwa ikirudi majini.

Hezroni alitokea na mkuki wake. "Yuko wapi?" aliuliza kwa ukali.

* * *

Asubuhi bandari nzima ilisimama mbele ya forodha. Bwana Forodha alikaa kwenye kiti nje, uso mwekundu, askari mmoja upande huu na mmoja upande ule. Chini ya miguu yake magunia yalikuwa yakivuja.

"Bwana anauliza," alisema Lameck, "taa ilikuwa wapi?"

"Nyuma yangu," alijibu Andongwisye.

"Na wewe ulikuwa unakwenda wapi?"

"Nyuma vilevile."

Watu waliguna kwa kicheko. Bwana akapiga mguu chini. "Tata," Lameck alinong'ona, "jibu vizuri. Hawa hawana mchezo leo. Kwa nini uliishusha?"

Andongwisye alitazama magunia. Angeweza kusema: mkamwana wangu. Maneno mawili tu. Lakini yangelazimika kutembea kwenye vinywa vya wapagazi wale, yakageuzwa Kidachi, yakarudi yakiwa yamevaa matope. Alifunga vifungo vyote vya koti, hadi cha shingoni. "Niliishusha. Basi."

Askari mmoja alikwisha kuanza kukunja mkono wa shati.

"Huyu mzee bubu mwacheni!" Ilikuwa sauti ya Marta, akiwapasua watu kwa viwiko. Alimfikia Lameck, akamshika sikio kama anayemshika mwanawe, akamwambia sikioni maneno mengi, marefu, ya haraka, huku akimwonyesha ziwa, migomba, tumbo, na mgongo. Uso wa karani ulibadilika mara kadhaa. Mwisho aliachiwa sikio, akaligusa kuona kama bado lipo, akamgeukia Bwana.

Kwa Kidachi maneno yakawa machache mno. Bwana alimtazama mzee. Kisha akasema neno moja na kunyoosha kidole.

"Koti," alisema Lameck, bila kumtazama. "Livue, tata. Na utaanika chumvi mpaka ikauke. Fimbo hakuna."

Akalivua mbele ya wote. Kifungo kimoja kiligoma, na ilibidi askari aje amsaidie, na watoto wakaona kwamba ndani ya koti Mwenye Taa alikuwa mwembamba hivyo, mbavu zake zikihesabika. Hakuna aliyecheka. Hilo lilimuuma kuliko kicheko.

Jioni, alipokuwa akigeuza chumvi juu ya mikeka, Lameck alikuja akachuchumaa kando yake.

"Ulimwambia Bwana nini?" mzee aliuliza.

"Kwamba ulikwenda kumfukuza kiboko asivunje mitumbwi ya serikali."

"Ulidanganya."

"Kiboko alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Aliondoka?"

"Aliondoka."

"Basi." Lameck aliokota punje ya chumvi, akailamba. "Mama yake mke wangu anakuja wiki ijayo kutusalimia. Nimekwisha kuchagua kichaka."

* * *

Koti alipewa Hezroni. Lilimkaa vizuri, na hilo pia likamuuma Andongwisye. Lakini taa ilianza kumsumbua Hezroni tangu jioni ya kwanza, kwa sababu msimu wa upepo wa ziwani ulikuwa umefika. Ulipenya kwenye kioo, ukaizima, akaiwasha, ukaizima. Watu walirudi kufunga milango mapema. Wauza ndizi waliondoka na jua.

Katika nyumba ya pili, Tusekile alikuwa amekaa na kifundo cha mguu kilichovimba, hawezi kwenda popote, na mikono isiyojua kukaa bure. Marta alikuwa akimletea maji kidogo kidogo kwa kibuyu. Siku moja alimletea na udongo. Tumbo lilikuwa limekaa salama. Kila asubuhi Marta aliuambia ukuta habari hiyo, na ukuta ulijibu kwa kikohozi kirefu cha furaha.

Chumvi ilipokauka, Marta alimfuata mumewe pale mikekani akiwa na kitu kilichofungwa kwa majani ya migomba.

"Ukuta umekuletea," alisema.

Andongwisye alifungua. Kilikuwa chungu kisicho na kitako, cha udongo mwekundu, kimechorwa mistari myeupe kwa mtindo wa Wakisi, chenye mdomo juu wa kupitishia ndoano ya taa. Ubavuni kilitobolewa madirisha, mengi, madogo, yaliyoinama chini ili upepo usiingie. Alikigeuza huku na huku. Madirisha yalizunguka, yakazunguka, kisha yakakoma. Upande mmoja chungu kilikuwa kizima, hakina hata tundu la sindano.

"Hapa alisahau," alisema.

Marta alirudi nyuma hatua moja. Alimwachia nafasi.

Mzee alikiinua kuelekea nguzo, akafumba jicho moja. Madirisha yalitazama ziwa, yalitazama mchanga, yalitazama barabara ya forodha. Upande mzima ulitazama migomba. Aliona mahali mwanga utakapofika na mahali utakapokatika, na kutoka kwenye migomba hadi majini akaliona giza limekaa jembamba, limenyooka, kama njia iliyofyekwa.

Kisha akakaa chini kwenye chumvi ya serikali, akafuta macho kwa mkono wenye chumvi, ikawa kazi mpya.

Hezroni hakubisha. Tangu chungu kilipovishwa juu ya taa, upepo ulipiga kelele nje ukaondoka, na mitumbwi ikarudi kuuona mwanga kutoka mbali. Bwana Forodha alipita, akagonga chungu kwa kifimbo, akaguna, akaenda zake. Hezroni alisema lakini mbu wa pale chini ya nguzo si wa kawaida, na kiuno kimerudi, na kama kuna mtu anayeitaka kazi hii aichukue. Lameck alimletea Andongwisye koti.

"Aendelee nalo Hezroni," alisema mzee. "Yeye ndiye mwenye baridi."

Akarudi chini ya taa yake akiwa na shuka lake la zamani, na watu wakamsalimu jina lilelile.

* * *

Mtoto alizaliwa mpunga ukivunwa, msichana, mwenye sauti ya kufika hadi kijiji cha Katumba Songwe. Anyisile alirudi kutoka safari ya mizigo akamkuta amekwisha kuwa na siku nane. Alimpeleka kwa babu yake. Sheria haikumhusu mtoto, alipita katikati ya nyumba zote mbili kama hewa. Kasia dogo lilishushwa darini, na hakuna aliyecheka, isipokuwa mwenye kasia.

Jioni moja taa ilikuwa imewaka, na bandari ilikuwa imejaa watu. Andongwisye alikaa kigogoni, uso ziwani. Upande wa migomba, ndani ya lile giza lililofinyangwa, alisikia hatua anazozijua sasa, moja nzima na moja nzito, ya mguu uliowahi kuumia. Hakugeuka. Alijisogeza kidogo tu, mgongo wake ukakaa sawasawa.

"Wewe nguzo," alisema, "leo mvua ilinyesha. Kuna utelezi hapo karibu na jiwe."

Hatua zilisimama. Zikalizunguka jiwe.

"Ndaga, mgomba," ilisema sauti ya chini sana. "Mwambie nguzo asikae bila kujifunika, upepo umegeuka."

Mzee akajifunika shuka. Na mtoto, mgongoni kwa mama yake, ambaye hakuwa na habari ya sheria yoyote, aliuona mwanga unaochungulia kwenye madirisha ya chungu, akautolea mkono gizani, akacheka kwa nguvu, hata bandari nzima ikageuka kutazama mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kuona.